Mshika Kamba wa Shangazi

12 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Leo ni Jumamosi, vyombo nimeshaosha, na naahidi kukueleza kila kitu bila kuficha. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua nzuri ni ile ambayo msomaji akiimaliza anajua hata paka wa nyumba amelala wapi. Paka amelala juu ya mashuka ya mteja. Baba bado hajamwona.

Sisi sote ni wazima. Mama anakohoa kidogo, lakini anasema ni vumbi la chaki tu, maana siku hizi anafundisha watu wazima kusoma jioni. Wanafunzi wake wanamwogopa, ingawa mmoja ana wajukuu. Mimi nilikuwa wa nne darasani. Mwalimu aliandika kwamba ningekuwa wa tatu kama nisingekuwa na maswali mengi. Baba anaendelea na udobi wake. Wateja wanamsifu kwamba nguo zinarudi safi, ila wanalalamika kwamba zinarudi polepole.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Wiki iliyopita ulipopiga simu, nilikuwa nimesimama karibu na Baba. Nyinyi wawili mkipigiana simu mnazungumza hali ya hewa tu, kama watangazaji wa redio. Lakini safari hii nilikusikia ukisema, “Nimeamua kurudi mitini. Nitumie vifaa vyangu.” Baba akajibu, “Nitatazama.” Halafu akapiga pasi shati moja mara mbili, na la pili lilikuwa bado limo kwenye maji.

Najua kwamba zamani ulikuwa na biashara yako ya kupogoa miti, na Baba ndiye aliyekuwa mshika kamba wako. Wewe juu, yeye chini. Najua pia kwamba biashara ilikufa siku ile ulipoanguka ukavunjika mguu. Zaidi ya hapo sijui kitu. Kila nikiuliza, Mama ananituma dukani kununua chumvi. Shangazi, tuna chumvi ya kutosha mwaka mzima.

Basi nimeingia stoo kukutazamia vifaa vyako. Msumeno wa mkono upo, umefungwa kwenye kipande cha blanketi, nao umepakwa mafuta. Si mafuta ya zamani, ni ya juzi juzi, yamenichafua gauni. Mkanda wako wa kupandia upo kwenye mfuko, umewekewa dawa ya nondo. Buti zipo. Ule ubao wako ulioandikwa “MPOGOAJI WA MITI” ndiyo meza ya pasi ya Baba. Maandishi yako upande wa chini, na ukiokota kitufe kilichoanguka unayasoma.

Kamba ndiyo sikuiona stoo. Niliitafuta mpaka nikachoka, nikatoka nje kupumua, nikaiona. Imetandazwa uani kutoka ukutani hadi kwenye nguzo. Ndiyo kamba ya kuanikia nguo. Nimeiona tangu nikiwa mdogo na sikujua kwamba ni yako. Majirani wanaisifu, wanasema kamba ya dobi haijui kulegea hata kwa mablanketi.

Je, nimwambie Baba akuanulie?

Mwanao anayekupenda,
Kalamu


27 Januari

Mwanangu Kalamu,

Marahaba, na nyingine ya akiba kwa barua ijayo. Barua yako ilifika ina doa la chai. Nimeiongezea la kwangu ili lile la kwako lisione upweke.

Mwambie mama yako anywe maji ya moto na apunguze ukali, kikohozi kitapona chenyewe. Kuwa wa nne si haba. Mimi nilikuwa nashindana na mtoto mmoja tu darasani kuwania nafasi ya mwisho, na alikuwa hodari, mara nyingi alinishinda.

Naishi chumba cha nyuma kwa fundi baiskeli. Asubuhi naamshwa na kengele za watoto wanaojaribu baiskeli wasizokusudia kununua. Tangu nije huku nimefanya kazi kwenye kitalu cha miche. Nimemwagilia miche ya watu hadi imenipita kimo, nikajiuliza: hivi mimi nimekuja duniani kuitazama miti kutoka chini?

Mbele ya karakana ya fundi kuna mjakaranda ulioinama mpaka unagonga bati. Siku moja akachukua shoka. “Dada, leo namaliza kelele.”

Nikamwambia, “Ukimkata kila anayekugongea, utabaki na nani?”

Nikaazima ngazi, nikaondoa matawi makavu na yale yanayopigana yenyewe kwa yenyewe. Mti ukabaki mti, bati likanyamaza. Kesho yake mama mwenye nyumba ya wageni, hapo ng'ambo ya barabara, alisimama akatazama juu, akauliza, “Kinyozi wa mti huu ni nani?” Ndiyo hiyo tu. Hivi ndivyo nilivyoanza upya. Watu husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mimi koleo langu ni zima, ni mguu tu uliovunjika, nao sasa unatembea kuliko wa fundi.

Sasa, kuhusu kamba. KAMBA YANGU INAANIKA MASHUKA? Nilipofika hapo nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Sikiliza, mwanangu. Kamba ya kupandia mti haiachwi juani. Jua huila kutoka ndani. Nje inang'aa, ndani imeshakuwa unga. Inaweza kubeba mablanketi ya mtaa mzima, lakini siku ikibebeshwa mtu itamwangusha. Na anayejua hilo kuliko wote ni Chapuchapu, baba yako. Yeye ndiye aliyekuwa akiilaza kwenye mfuko mweusi kila jioni, kama mtu anayelaza kichanga. Ajabu, eh?

Basi usiianue. Niletee msumeno, mkanda na buti. Kamba nitajua mwenyewe.

Na kuhusu siku ile niliyoanguka, hakuna kisa. Tawi lilikuwa limeoza ndani, likakatika kabla ya wakati wake. Mambo ya miti hayo. Usimmalizie mama yako pesa za chumvi bure.

Msalimie Chapuchapu.

Shangazi yako


9 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mama amepona na ukali haujapungua. Paka amegunduliwa na sasa analala kwenye kapu la nguo chafu, ambako Baba anasema ana haki zote.

Kwanza, nina swali dogo. Kwa nini unamwita Baba Chapuchapu? Niliposoma salamu zako kwa sauti, Mama alicheka mpaka kikohozi kikataka kurudi. Hapa nyumbani Mama anamwita Kinyonga. Baba ndiye mtu wa polepole kuliko wote ninaowajua. Na kinachomchelewesha si uvivu, maana huamka kabla ya jogoo. Kinachomchelewesha ni kutazama. Ukimwuliza, “Baba, mlango umefungwa?” hakujibu ndiyo wala hapana. Anaweka pasi chini, anakwenda mlangoni, anautikisa, anarudi, ndipo anasema, “Umefungwa.” Hata kama ameufunga mwenyewe sasa hivi na ufunguo bado uko mkononi. Mteja akiuliza, “Shati langu limekauka?” anakwenda uani kulishika kola na makwapa. Mteja mmoja alimwambia, “Dobi, nikikuuliza jina lako, utakwenda kutazama kitambulisho?” Baba alifikiri kidogo, akasema, “Kipo kabatini.”

Sasa habari ya kamba. Sikumsomea Baba uliyoyasema, lakini barua niliiacha mezani, na nilipotoka shule niliikuta imekunjwa vizuri kuliko nilivyoikunja mimi. Kesho yake asubuhi kamba haikuwepo uani. Baba alikuwa ameikata vipande vifupi vifupi, kila kimoja urefu wa mkono, akavifunga pamoja. Nilimwuliza kwa nini. Alisema, “Ili mtu asije akaipanda.” Mahali pake ametandaza waya. Waya huo, Shangazi, ulikuwa stoo siku zote, mpya, na karatasi ya dukani ilikuwa bado juu yake, imekuwa ya njano kwa uzee. Naona ni jambo la ajabu kidogo mtu kuwa na waya wa kuanikia nguo na kuanika nguo kwenye kamba ya kupandia miti. Nimeliandika hapa kwa sababu niliahidi kueleza kila kitu, lakini sina maoni.

Waya umelegea. Mashuka ya hoteli yaligusa matope yote siku moja, na Baba ameyafua upya bila kununa.

Vifaa vyako tumevipeleka kwenye basi la mizigo. Baba alimwonyesha kondakta jinsi ya kuulaza msumeno, kisha akapanda ndani ya basi kutazama kama umelazwa hivyo. Basi liliondoka naye mpaka kona.

Shangazi, unasema tawi lilikuwa limeoza. Sikusudii kukukatalia mtu mzima. Ila nilipomwambia Baba, “Kumbe tawi ndilo lililokuwa limeoza,” alitoka nje kama anayekwenda kuanua nguo, na zote zilikuwa zimeshaanuliwa. Je, hakuna kingine?

Mwanao mwenye maswali,
Kalamu


30 Machi

Mwanangu Kalamu,

Marahaba. Usinihesabie wiki. Nilikuwa na kazi.

Vifaa vilifika salama. Nilipoufungua ule msumeno niliona sura yangu kwenye bapa lake, na niliiona imezeeka kidogo, ila inacheka.

Kazi zinakuja. Nimepunguza ua wa zahanati, nimeutibu mti wa mzee mmoja uliofungwa waya tangu ujana wake mpaka gome limeumeza, na nimemzuia mtu mmoja asinyoe mkaratusi wake kipara. Hizo ni kazi za ngazi. Mguu wangu unazimudu na hauna neno. Lakini sasa mama mwenye nyumba ya wageni amenipa kazi ya kweli: mikaratusi miwili, mirefu, mmoja umelalia paa na mwingine umelalia barabara. Anataka iwe tayari kabla ya mvua kubwa. Nikiifanya vizuri, anasema atanipeleka kwa wenye nyumba wote wa barabara hii, na mdomo wake si mdogo. Nisipoifanya, amepata jamaa wenye msumeno wa injini ambao watailaza yote chini asubuhi moja. Huko mtu hapandi kwa ngazi, anapanda kwa kamba. Na kwa kamba mtu hapandi peke yake.

Nimejaribu washika kamba wawili. Sheria ni rahisi. Mimi kabla sijakata naita, “Chini!” Yeye aliye chini anatazama pande zote: shinani, barabarani, getini, nyuma yake. Akiona hakuna mtu wala kitu, anajibu, “Wazi!” Asipojibu, sikati, hata giza likinikuta juu. Kijana wa kwanza alikuwa akijibu huku anatazama simu. Wa pili alikuwa na bidii zaidi: nilikuwa bado sijafungua mdomo, tayari amesema, “Wazi, Mama, wazi kabisa!” Nikashuka nikamnunulia soda, tukaagana vizuri.

Kwa hiyo nasubiri. Mama mwenye nyumba naye anasubiri, lakini si mtu wa kusubiri sana.

Tawi lilikuwa limeoza.

Ila kuna jambo moja katika barua yako sikulielewa vizuri. Hiyo tabia ya baba yako ya kwenda kutazama mlango alioufunga mwenyewe, ni kila mara? Na ilianza lini? Alipata jina la Chapuchapu akiwa mdogo, kwa sababu alikuwa akijibu swali kabla halijaisha. Ukimwita “Njoo—” yeye “Nimeshafika!” na bado yuko chooni. Nijibu hilo.

Shangazi yako


10 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Tuko salama, na leo sitaandika habari za paka.

Nimemwuliza Mama tabia ile ilianza lini. Nilitegemea kutumwa chumvi. Mama aliacha kusahihisha madaftari akasema, “Tangu wifi yangu afungwe plasta.” Kisha akasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa hiyo jibu la swali lako ni: kila mara, na tangu siku ile.

Sasa nitakueleza jambo nililolifanya, na naomba usinifikirie vibaya. Jumapili nilikuwa nimesimama juu ya kigoda uani, natundika pazia la kukinga jua nje ya dirisha. Baba alikuwa chini yangu anakamua blanketi. Barua yako ilikuwa bado kichwani mwangu. Ule mti wa pazia ulikuwa mkononi, mrefu na mzito, nikaita kwa sauti, “Chini!”

Baba aliliachia blanketi likarudi majini. Alitazama shinani pa kigoda, na alipomwona paka alimbeba akamweka mbali. Akatazama nyuma ya beseni. Akaenda getini, akalifungua, akatazama barabara kulia na kushoto, akalifunga. Akarudi akasimama mahali pazuri pa kusimama, akanitazama juu, mdomo akaufungua. Shangazi, neno halikutoka. Nilisubiri, mkono ukaanza kuniuma. Halafu akainua mikono akaupokea ule mti wa pazia, akauweka chini taratibu, akakaa juu ya beseni lililopinduliwa.

Mama alikuwa mlangoni. Akaniambia, “Hebu nenda dukani kaninunulie—”

Baba akasema, “Mwache. Chumvi tunayo.”

Kisha akasema, akitazama mikono yake, maneno haya ambayo nayaandika kama yalivyo: “Siku ile Dada aliita. Mimi nilikuwa nazungumza na mteja, nikajibu ‘Wazi!’ bila kugeuka. Kumbe dereva wake ameleta gari chini ya tawi. Nilipoliona, tawi limeshakatwa. Nikaivuta kamba kwa nguvu zangu zote ili tawi lisiangukie gari. Gari lilipona. Lakini kamba hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa imemshika Dada, nikamvuta na yeye.”

Mama akamwuliza taratibu, “Na ile kamba uliyoianika juani?”

Baba akasema, “Nilitaka asipande tena. Sikuwa na mdomo wa kumwambia.”

Hayo ndiyo yote. Sikumwambia kwamba nitakuandikia, lakini aliniona nikitafuta bahasha, akaniletea stempu. Sijui kama nimefanya vizuri au vibaya. Mwalimu hakutufundisha barua za namna hii.

Je, mikaratusi bado imesimama?

Mwanao,
Kalamu


19 Aprili

Mwanangu Kalamu,

Marahaba. Umefanya vizuri. Nakujibu siku ile ile niliyopokea barua yako, msumeno niliuacha uani.

Mikaratusi imesimama. Wale jamaa wa msumeno wa injini walikuja kuitazama jana. Mama mwenye nyumba aliwaambia warudi katikati ya mwezi ujao, akanigeukia akasema, “Dada, nakupenda, lakini paa langu nalipenda zaidi.” Basi huo ndio muda nilio nao.

Sasa msomee baba yako sehemu hii, au mpe asome mwenyewe, vyovyote.

Chapuchapu, tawi halikuwa limeoza. Lilikuwa tawi zima, zuri, lenye afya kunishinda. Mtu akiwa juu ya mti huona mengi. Tawi lilipokatika nililiona gari, nikakuona ulivyoivuta ile kamba, na kabla sijafika chini nilikuwa nimeshaelewa kila kitu. Safari ilikuwa fupi lakini nilifikiri sana. Halafu ukakaa kando ya kitanda changu unatetemeka kama nguo kwenye upepo. Ningekuambia nini? Nikalisingizia tawi. Tawi halina mdomo wa kujitetea. Nilidhani nakufunika blanketi, kumbe nimekufungia mlango, ukakosa hata pa kuingilia kuomba radhi. Basi mlango huo hapo, na huna haja ya kwenda kuutikisa.

Jambo la pili. Nimetafuta mshika kamba mtaa mzima. Wote ni watu wazuri, na wote wanajibu haraka. Mimi simtaki wa kujibu haraka, huyo nilikuwa naye. Namtaka yule anayefungua geti akatazama barabara kulia na kushoto kwa ajili ya mti wa pazia. Namtaka anayembeba paka.

Kuhusu kamba yangu uliyoiua kwa jua: nakudai. Silipwi kwa maneno.

Kalamu, wewe soma mpaka hapo tu, kisha umwache na barua. Na usisimame nyuma ya mlango, maana nakujua.

Shangazi yako


3 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua hii hukuletewa na posta. Aliyekuletea ndiye huyo aliyesimama mbele yako, na nimeifunga kwa gundi mara mbili ili asiisome njiani. Kwa hiyo sitakuomba umsalimie Baba, msalimie mwenyewe.

Nilifanya kama ulivyosema, nilisoma mpaka pale nikamwachia. Sikusimama nyuma ya mlango. Nilisimama dirishani, ambako hukunikataza. Baba aliisoma amekaa kwenye beseni lake. Alipoimaliza aliigeuza nyuma kutazama kama kuna kitu kingine. Kisha akaisoma tena. Kisha akaja ndani akamwuliza Mama kama anaweza kupiga pasi, na Mama akasema, “Nimekungoja uniulize. Nenda, Kinyonga. Mashati ya watu hayatakufa.”

Kwa hiyo sasa dobi ni Mama, na mimi ni msaidizi wake. Wateja wanashangaa kwamba nguo zinatoka upesi. Mmoja alilalamika kwamba kola yake imepigwa pasi kwa hasira.

Kamba mpya ameichagua mwenyewe. Alizunguka maduka akaivuta, akainusa, akaining'iniza, mpaka mwenye duka la mwisho akamwuliza kama anaposa. Hapa nyumbani haijaona jua hata mara moja. Ameilaza kwenye mfuko mweusi, na nilipowasha taa ya stoo aliniambia niizime. Usishangae pia kuona mzigo mrefu uliofungwa kwa shuka. Ni ubao wako. Meza ya pasi imebaki miguu mitupu na tunapigia pasi kitandani, lakini alisema biashara haiwezi kufunguliwa bila jina mlangoni. Maandishi ameyafufua kwa rangi. Naomba usimwambie kwamba herufi ya mwisho imeteleza kidogo, alitoka kuitazama kila saa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Tangu siku aliyosoma barua yako tumekuwa tukifanya mazoezi uani, yeye na mimi, kabla sijaenda shule. Mimi napanda kigoda, naita, “Chini!” Yeye anazunguka anatazama kila mahali, na anatazama vizuri kweli. Siku moja alimgundua mtoto wa jirani ambaye alikuwa amejificha nyuma ya pipa la maji na alikuwa anatafutwa na mama yake. Lakini akisharudi mahali pake, hasemi. Ananiinamishia kichwa tu, nami nashusha. Nilimwambia, “Baba, Shangazi akiwa juu hataona kichwa chako, kuna majani.” Alisema, “Najua.” Jana tulijaribu mara ya mwisho. Nilimsikia akivuta pumzi, nikasubiri, na midomo yake ilitikisika. Mama alikuwa ameshikilia pasi hewani. Kisha jirani akapiga hodi kuulizia suruali yake, na ikawa basi.

Asubuhi hii tumemsindikiza kituoni, na mistari hii ya mwisho naiandika gotini, basi likiwa bado linasubiri abiria na gundi ikiwa mfukoni mwangu. Alipopanda basi nilimwita kutoka chini, “Baba, umechukua kila kitu?” Akaanza kufungua mfuko atazame. Halafu akaufunga, akatoa kichwa dirishani, akacheka. Sijamwona akicheka hivyo. Alikuwa mtu mwingine, mdogo zaidi. Nadhani huyo ndiye Chapuchapu.

Najua kwamba hukati usipojibiwa. Najua pia kwamba wale jamaa wa msumeno wa injini wako karibu kurudi, na mama mwenye nyumba analipenda paa lake. Kwa hiyo siku mtakayoanza mimi nitakuwa darasani, lakini sitasikia lolote la mwalimu, na nikiwa wa tano ujue sababu.

Naomba siku hiyo ikipita unijibu kwa basi la kwanza, hata kwa mstari mmoja, hata kwenye karatasi iliyofungiwa misumari, na usinieleze hali ya hewa. Ulipokuwa juu kabisa ya ule mkaratusi wa kwanza, ukaita, je, alijibu?

Mwanao,
Kalamu